Mawakili wa bure wa mahakama ya shirikisho Marekani: kesi ya ugaidi ya mpwa wangu

Nimeendesha lori huku Marekani miaka 17. Nimewahi kuandika maoni kuhusu matairi, kuhusu gereji, kuhusu mkahawa mmoja wa Kisomali kando ya barabara kuu wanaopika pilau ya kumsahaulisha mtu safari. Sikuwaza kuwa siku moja nitakaa kuandika kuhusu wakili wa kesi ya ugaidi. Lakini Februari 2022, saa nane za usiku, lori limeegeshwa kwenye theluji na simu i mkononi, nilimtafuta mtu yeyote aliyepita njia hii akaieleza kwa Kiswahili, nisimpate. Nilipata matangazo ya mawakili, kila mmoja amekunja mikono na kabati la vitabu nyuma yake. Basi haya ni ya yule anayetafuta usiku wa leo.

Sitataja jimbo wala mji wala jina la kijana, kwa kuwa angali chini ya uangalizi wa mahakama. Huduma ninayoizungumzia ni ya mawakili wa utetezi wanaolipwa na mahakama ya shirikisho, ambao mshtakiwa hawalipi hata senti. Na kabla mtu hajaniuliza: tarehe 7 Agosti 1998, siku balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zilipolipuliwa kwa mabomu, nilikuwa Nairobi, kijana wa miaka 19, nauza soksi karibu na stesheni ya reli. Nilisikia mlio, nikaona moshi, nikakimbilia kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, nikaikuta Ufundi House imeporomoka. Watu 213 walikufa Nairobi siku ile, na 11 Dar es Salaam. Nilisaidia kubeba watu ambao mpaka leo sijui kama walipona. Ugaidi naujua kwa harufu. Kwa hiyo ninapomsifu wakili aliyemtetea mtu aliyeshtakiwa kwa ugaidi, najua ninachokisema.

Kijana ni mtoto wa dadangu wa Likoni. Alikuja huku na babake akiwa na miaka 10, akapata uraia kupitia kwake, na babake alipofariki nikamchukua mimi. Alikuwa anafanya kazi ghala la matairi, anaswali, anacheza mpira Jumapili. Mimi nilikuwa barabarani siku tano kwa wiki. Usiku alikuwa peke yake na simu.

Oktoba 2021, Jumamosi asubuhi, makachero wawili wa shirikisho walibisha hodi. Watu wa adabu, walivua hata viatu. Nikafanya nilivyolelewa: nikawakaribisha, nikapika chai ya maziwa yenye tangawizi, nikaweka mahamri mezani, nikamwita, "Mwanangu, njoo uwasikilize wageni." Walikaa dakika kama 50. Walimuuliza shule, mpira, msikiti. Kisha, kwa sauti ileile ya mazungumzo, wakamuuliza kama ana akaunti ya pili ya Telegram. Akasema hana. Alikuwa nayo, nao walijua anayo.

Jambo hilo nimelirudia kichwani kuliko jingine lolote. Katika sheria ya huku, kumdanganya kachero wa shirikisho kuhusu jambo la uzito katika upelelezi wake ni kosa la jinai peke yake, hata kama hukuapishwa, hata kama mpo sebuleni kwako mnakunywa chai. Kifungo chake ni hadi miaka 5, na kama upelelezi unahusu ugaidi, hadi 8. Wakati huohuo hulazimiki kuzungumza nao hata neno. Unaweza kusema, "Nitazungumza wakili wangu akiwepo," ukafunga mlango taratibu, na hakuna aliyekosewa heshima. Mimi sikulijua hilo. Nilimwita mtoto mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu wageni walikuwa wamefika.

Miezi minne baadaye alikamatwa uwanja wa ndege, kwenye mlango wa kuingilia ndege, akienda Mombasa kwenye harusi ya dadake. Mashtaka mawili: kujaribu kulipatia msaada kundi la kigeni la kigaidi, yaani al-Shabaab, na ule uongo wa sebuleni.

Hilo la kwanza nilidhani ni pesa. Nikaapa kwamba hajatuma pesa, maana hata kodi ya nyumba alikuwa ananisumbua. Lakini neno "msaada" katika sheria ile ni pana kama bahari. Ni pesa, ni silaha, ni mafunzo, ni ushauri, na ni watu pia, na katika watu hao wewe mwenyewe umo. Ukikusudia kujipeleka, umekusudia kutoa msaada. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ilikubali kwamba hata kulifundisha kundi lililo kwenye orodha ya Marekani ya makundi ya kigaidi namna ya kutatua mgogoro kwa amani kunaweza kuzuiwa na sheria hiyohiyo. Adhabu ni hadi miaka 20, na kama kuna mtu amekufa, maisha. Al-Shabaab iko kwenye orodha tangu 2008. Ndugu zetu wa Kongo nao wajue: kundi la waasi la ADF liliingizwa Machi 2021, kwa jina la ISIS-DRC. Anayechezacheza na video za msituni kule Beni akiwa Texas au Kentucky anachezea kifungu hikihiki.

Sasa nifike kwenye kosa langu la pili, lililogharimu pesa. Kwetu sisi, kitu cha bure kina walakini. Siku ya kwanza mahakamani hakimu alimuuliza kijana kama anahitaji kupewa wakili, na mimi nikiwa benchi la nyuma nikamtingishia kichwa asikubali. Wakili wa serikali kushindana na serikali? Nilisema hapana, tutachanga. Tukafungua kundi la WhatsApp. Pale nilijifunza woga wa jamii yetu: watu waliotoa dola 500 kwa maiti ya mtu wasiyemjua walijitoa kwenye kundi usiku uleule, wakihofia kwamba kuchanga nako kutaitwa kusaidia magaidi. Siwalaumu. Wachache walibaki, nami nikaweka akiba yangu ya kununua lori la pili. Tukapata dola 32,000.

Wakili tuliyemlipa simtaji, na sidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa hodari wa kesi za leseni na za talaka. Kesi hii hakuwahi kuishika. Wiki tisa zilipita akaenda jela kumwona kijana mara mbili. Katika ushahidi kulikuwa na sehemu iliyofungwa kwa siri za serikali, na ili wakili aisome sharti kwanza apekuliwe apewe kibali cha usalama. Alipopewa fomu za kibali hicho akaniambia itachukua muda na kwamba gharama zitaongezeka. Kisha akanishauri kijana akiri yote mawili haraka "ili jaji amhurumie". Ndipo nikamuuliza swali nililopaswa kuuliza mwanzo: umeshatetea wangapi wa mashtaka haya? Akanyamaza. Katika ile 32,000 alirudisha 9,000.

Aprili 2022 kijana akajaza fomu ya kueleza mali yake, ambayo haikuwa zaidi ya simu na viatu, na mahakama ikamteulia mawakili wa utetezi wa shirikisho. Hapa ndipo maoni yangu yanapoanza hasa.

Waliokuja walikuwa wanne. Mawakili wawili, mama mmoja wa makamo aliyekuwa mkuu wa kesi, na kijana mwanamume msaidizi wake. Mpelelezi wao wenyewe, polisi mstaafu. Na dada mmoja ambaye kazi yake ni kuchimba historia ya maisha ya mshtakiwa tangu tumboni. Sikujua kuna kazi kama hiyo. Mama mkuu alishakuwa na kibali cha usalama kutoka kesi za nyuma. Wiki ya kwanza peke yake alikwenda jela mara tatu, na jela yenyewe ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu.

Wenye shaka kama niliyokuwa nayo niwaambie: utaratibu huu una mizizi. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu iliamua kwamba asiye na uwezo lazima apewe wakili katika kesi nzito ya jinai, na 1964 ikatungwa sheria ya kuwalipa mawakili hao katika mahakama za shirikisho. Wako wa aina mbili: walioajiriwa kwenye ofisi ya utetezi, na mawakili binafsi walio kwenye orodha ya mahakama, wanaoitwa kesi kwa kesi. Hawako chini ya waendesha mashtaka. Nilipokuwa napumzika vituo vya malori nilisoma habari za wenzetu waliosimama mahakama ya New York kwa ile milipuko ya 1998. Khalfan Khamis Mohamed wa Zanzibar alitiwa hatiani 2001 kwa mlipuko wa Dar es Salaam, upande wa mashtaka ukaomba auawe, lakini wale raia 12 wa juri hawakuafikiana juu ya kifo, akapewa maisha. Mwaka 2010 Ahmed Khalfan Ghailani, Mtanzania pia, alishtakiwa kwa makosa zaidi ya 280. Juri ilimwondolea yote isipokuwa moja, na kwa hilo moja akafungwa maisha Januari 2011. Wote wawili walitetewa na mawakili walioteuliwa na mahakama. Nilipomweleza mama wakili niliyoyasoma kuhusu Ghailani, alisema ndiyo maana hataki kuhesabu mashtaka tunayoweza kushinda. Anataka kujua ni lipi litakalobaki.

Sentensi iliyombeba kijana kwenye shtaka kubwa alikuwa amemwandikia rafiki yake wa Mombasa. Naiweka kama ilivyo: "Mwezi wa pili najitoa, nishachoka. Mzigo nautanguliza. Mambo yameiva."

Wewe msomaji umeielewa bila mimi kusema kitu. Kijana alikuwa kwenye chama cha vijana wanaochanga kila mwezi kusafirisha mapipa ya bidhaa kwenda pwani, na alikuwa amechoka kuchanga. Anajitoa. Mzigo ni pipa la viatu na vyombo vya harusi. Yaliyoiva ni maandalizi ya harusi. Lakini Kiingereza cha upande wa mashtaka, ukikirudisha kwa Kiswahili, kilisema: mwezi wa pili najitoa mhanga, nimechoka na maisha, kifurushi nakituma mbele, mpango uko tayari. Ndicho kilichosomwa mbele ya hakimu siku ya kuamua dhamana. Katika mashtaka haya sheria yenyewe inaanzia kwenye dhana kwamba mshtakiwa asiachiliwe, na ni juu yake kuivunja dhana hiyo. Pamoja na tafsiri ile, nani angeivunja? Dhamana ikakataliwa kwa dakika 20. Wakili wetu wa dola 32,000 hakuuliza nani ametafsiri.

Mama wakili aliuliza hilo siku ya pili. Hajui neno la Kiswahili. Alichokuwa nacho ni mazoea ya kutoamini tafsiri asiyoiona kwa lugha yake ya asili. Akaagiza ujumbe wote, kurasa zaidi ya 900, kama ulivyoandikwa. Akaiomba mahakama fedha za mtaalamu wa lugha, na mpelelezi akamtafuta mpaka akampata mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mzee wa Tanga, anayeishi na wanawe jimbo jingine. Jueni pia kwamba mtihani wa shirikisho wa kumthibitisha mkalimani wa mahakama kwa sasa upo kwa Kihispania tu. Kiswahili kinategemea nani amepatikana na amesoma wapi.

Mzee yule alikaa na zile kurasa miezi mitatu. Taarifa yake ilikuwa na kurasa 41, na kurasa sita nzima zilikuwa juu ya neno "kujitoa". Alionyesha mgombea anajitoa kwenye uchaguzi, timu inajitoa kwenye ligi, mwanachama anajitoa kwenye ushirika. Alionyesha kwamba maana ya kufa inaletwa na "mhanga", na "mhanga" kwenye ujumbe ule haimo. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria: akakusanya mara zote kijana alipoandika "kujitoa" katika miaka miwili. Zilikuwa 14. Mara tisa ilikuwa timu ya mpira. Februari 2023 alisimama kwenye kikao cha mahakama akiwa amevaa koti lililompwaya, akaulizwa saa mbili na nusu. Mwendesha mashtaka akamuuliza kama haiwezekani kijana amefupisha, amesema "kujitoa" akimaanisha ile nyingine. Mzee akajibu kwamba Mswahili hufupisha kinachojulikana kwa wote wawili, na kwamba anayetaka kusema hivyo aonyeshe mahali hata pamoja ambapo hao wawili waliwahi kulitaja neno zima. Hapakuwepo. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikalia bila sauti. Nilimlilia yule mzee na lugha yetu kama nilivyomlilia kijana.

Nisingekuwa mkweli nikiishia hapo, maana lilikuwepo la kweli pia, na namna mawakili hawa walivyolishughulikia ndiyo sababu nawaamini. Katika akaunti ile ya pili kijana alikuwa amezungumza kwa miezi na mtu aliyejiita mujahidina wa Jilib, kule Somalia, ambaye kumbe ni mtu wa upelelezi. Alikuwa amesambaza video sita. Moja ilikuwa ya kusifu shambulio la jumba la maduka la Westgate, Nairobi, walikouawa watu 67 mwaka 2013, na chini yake kijana ameweka alama tatu za moto. Mama wakili aliniita ofisini, akaniambia nitaiona mahakamani au nitaiona kwake, nichague. Nikaiona kwake. Nilitoka nje nikasimama kwenye maegesho ya magari. Mimi niliyebeba watu Haile Selassie, mtoto niliyemlea ameweka alama za moto. Alinifuata, akasimama kando yangu muda mrefu bila kusema, kisha akasema hawezi kunisaidia na hasira ile, ila anaihitaji: kama bado nampenda mpwa wangu baada ya kuiona video, jaji anapaswa kulisikia hilo kutoka kwangu, na kama simpendi tena anahitaji kulijua mapema. Hakuna wakili wa kulipwa aliyewahi kuniambia neno zito namna ile.

Alieleza pia kwa nini asingetegemea hoja ya mtego. Ili juri ikubali kwamba serikali ilimtega mtu, haitoshi kwamba mtu wao ndiye aliyeanzisha mazungumzo. Linabaki swali kama kijana alikuwa tayari na moyo wa jambo lile kabla hajashawishiwa. Juri ikiona alama za moto, italijibu swali hilo yenyewe.

Yule dada wa historia ya maisha alisafiri hadi Mombasa. Alivuka kwa feri kama sisi, akakaa siku sita, akazungumza na dadangu, na mwalimu wa madrasa wa kijana, na jirani aliyemnyonyesha. Alirudi na picha ya kijana akiwa na miaka minane ameshika kikombe cha mashindano ya kusoma Kurani, na habari ambayo hata mimi sikuijua: baada ya babake kufa, kijana alikuwa akimpigia mamake kila usiku, mpaka mamake alipoanza zamu ya usiku hospitali, simu zikawa hazipokelewi. Usiku uleule ndio uliojazwa na yule wa Jilib. Haikuandikwa kama kisingizio. Iliandikwa kama tarehe, moja baada ya nyingine, na jaji akazisoma.

Kuna mahali hata mawakili hawa hufika ukutani, na ni haki mtu ajue kabla. Sehemu ya ushahidi ilitokana na kusikiliza simu kwa idhini ya mahakama ya siri, chini ya sheria ya 1978. Maombi ya idhini hiyo, mama wakili na kibali chake chote, hakuruhusiwa kuyaona. Jaji aliyasoma faraghani peke yake, akasema yako sawa. Na ile sehemu ya siri aliyoruhusiwa kuisoma, hakuruhusiwa kumweleza kijana mwenyewe. Fikiria unamtetea mtu, unajua jambo kumhusu, na huwezi kumuuliza kama ni kweli. Nilimwona siku aliyotoka kwenye kile chumba cha kusomea, hana kalamu wala daftari, maana hata maandishi yake hubaki humo ndani.

Juni 2023, miezi minne baada ya mzee wa Tanga kutoa ushahidi, upande wa mashtaka ulikuja na pendekezo. Kijana akiri ule uongo wa sebuleni, shtaka kubwa lifutwe, nao wasiombe ongezeko la adhabu la ugaidi. Hilo ongezeko ni kitu cha kutisha: mwongozo wa adhabu hukupandisha ngazi 12 na kukuweka kundi la wahalifu sugu kabisa, hata kama hujawahi kupigwa faini ya gari. Mama wakili alitumia siku tatu kumweleza kijana pande zote mbili. Kwa kuwa ni raia, suala la kufukuzwa nchini halikutuhusu. Wewe mwenye kadi ya kijani au mkimbizi, mwambie wakili siku ya kwanza kabisa, kwa sababu Mahakama ya Juu ilishasema 2010 kwamba ni wajibu wake kukueleza kukiri kwako kutafanya nini na makaratasi yako. Kijana akakubali. Oktoba 2023 akapewa miezi 30, na 20 alikuwa ameshaikaa. Alitoka masika ya 2024. Ana miaka 3 ya uangalizi, na simu yake hukaguliwa.

Ninawapa nyota nne. Ya tano sikuwapa kwa sababu ya dadangu. Ofisi ile yote haikuwa na mtu wa kuzungumza Kiswahili na familia. Mkalimani aliitwa kwa ajili ya kesi, na mama wa Likoni hakuhesabiwa kuwa kesi. Nilikuwa natafsiri mimi, dereva, kutoka kituo cha malori, mambo ya sheria nisiyoyajua kwa lugha yoyote. Mara moja tu, baada ya mimi kulalamika, waliweka mkalimani kwenye simu dakika 18. Dadangu alikuwa ameandika maswali kwenye daftari ukurasa mzima, na aliposikia sauti ya wakili akauliza moja tu, kama mtoto anakula. Pia hawarudishi simu za ndugu upesi. Niliudhika sana mwanzoni, mpaka nikaelewa kwamba mteja wao ni kijana, si mimi, na kwamba mengine hawaruhusiwi kunieleza hata wakitaka.

Pengo jingine si lao bali la utaratibu wenyewe. Kwa kawaida mahakama haikuteulii wakili mpaka uwe umeshtakiwa, au angalau umeandikiwa barua kwamba unalengwa. Ile Jumamosi ya chai na mahamri, asingekuja mtu. Walioko New York wana CLEAR, mradi wa shule ya sheria ya chuo kikuu cha CUNY ambao humsimamia bure mtu aliyefuatwa na FBI hata kabla ya mashtaka. Kwingineko itabidi umlipe wakili wa jinai kwa saa chache tu, na hizo ndizo pesa ambazo ningezitoa leo bila kuuliza bei.

Na simu za jela hurekodiwa. Mwambieni mama, mwambieni shangazi, mwambieni imamu. Msizungumzie kesi kwenye simu ile, wala msidhani Kimvita au Kibajuni kitawaficha. Hurekodiwa hivyohivyo, hutafsiriwa baadaye, na mmeshaona tafsiri inavyoweza kuwa.

Ukifika mahakamani siku ya kwanza na hakimu akamuuliza mtoto wako kama anahitaji kupewa wakili, mwache aseme ndiyo. Atapewa fomu, inaitwa CJA 23. Ajaze kweli tupu, maana hutiwa sahihi chini ya adhabu ya kusema uongo. Kipato kinachoulizwa pale ni cha mshtakiwa, si cha mjomba wake.